Kaboni na Naitrojeni katika Historia ya Ardhi ya Usukuma: Kutoka Vita dhidi ya Mbung'o hadi Maduara ya Dhahabu ya Mwakitolyo

1.0 Utangulizi

Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, katika ukanda wa miamba yenye dhahabu unaounganisha Shinyanga, Kahama na Geita. Kwa sehemu kubwa ya nchi jina hilo huambatana na wachimbaji wadogo, maduara na karasha za kusagia mawe. Hata hivyo, kabla ya dhahabu kulipa jina hilo umaarufu, ardhi ya eneo hili ilikuwa sehemu ya Usukuma wa wafugaji na wakulima, na kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa uwanja wa maamuzi makubwa: kufyeka pori, kulima pamba, kuhamisha watu, kurejesha miti na, hatimaye, kuchimba.

Makala hii inayasoma maamuzi hayo kwa kufuata elementi mbili, kaboni na naitrojeni. Swali linaloongoza mjadala ni hili: historia ya Usukuma inaeleza nini kuhusu namna binadamu walivyoibadili mizunguko ya elementi hizi duniani? Hoja kuu ni kwamba mizunguko hiyo haikubadilika kwa namna moja. Kaboni inayotolewa mahali popote huwa ya dunia nzima, kwa sababu hewa haina mipaka. Naitrojeni inayotengenezwa viwandani, kinyume chake, hufuata fedha: hurundikana kwenye mashamba ya wenye uwezo na hukosekana kwenye mashamba ya wasio nao. Usukuma uliguswa na mabadiliko yote mawili, lakini ulipoteza naitrojeni yake katika karne ileile ambayo dunia ilijifunza kuitengeneza kwa wingi. Mwakitolyo ya leo inaionyesha tofauti hiyo waziwazi, kwani sehemu ya naitrojeni ya kiwandani inayofika katika ukanda wa dhahabu huja kama baruti na sianidi.

2.0 Mizunguko Miwili na Kipimo cha Dunia

Mti huujenga mwili wake kwa hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na takriban nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Kuni ikiungua au kuoza, kaboni hiyo hurudi hewani. Udongo nao huhifadhi kaboni katika mabaki ya mimea, mizizi na viumbe wadogo, na huipoteza unapolimwa mfululizo bila kurudishiwa kitu. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, kiwango kilikuwa takriban 315. Kufikia mwaka 2023 wastani wa mwaka ulikuwa umepita 420. Chanzo kikuu ni makaa ya mawe, mafuta na gesi, na ufyekaji wa misitu umeongeza sehemu yake.

Naitrojeni ni takriban asilimia 78 ya hewa, lakini mimea haiwezi kuitumia katika hali hiyo. Kwa asili hubadilishwa na radi, na zaidi na bakteria, wakiwemo wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde, jambo lililothibitishwa na Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth nchini Ujerumani katika miaka ya 1880. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni kupata amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kuizalisha kibiashara chini ya uongozi wa Carl Bosch. Leo viwanda vya dunia hubadilisha zaidi ya tani milioni 100 za naitrojeni kila mwaka.

Mgawanyo wa naitrojeni hiyo ndio unaohusu historia ya Usukuma. Mwaka 2009 Peter Vitousek na wenzake walilinganisha mifumo mitatu ya kilimo cha mahindi. Kaskazini mwa China, mashamba yalipewa kilo 588 za naitrojeni ya mbolea kwa hekta kwa mwaka, na kilo zipatazo 227 zilibaki kama ziada inayoweza kuchafua maji na hewa. Magharibi mwa Kenya, mashamba yalipewa kilo 7 tu, huku mavuno yakiondoa kiasi kilichoacha upungufu wa kilo 52. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Stoorvogel na Smaling walikuwa wamekadiria kwamba ardhi inayolimwa kusini mwa Sahara ilipoteza wastani wa kilo 22 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa hiyo, kauli kwamba binadamu ameijaza dunia naitrojeni ni kweli kwa ujumla wake, lakini haiielezi hali ya mkulima wa Afrika Mashariki, ambaye historia imemweka upande wa upungufu.

3.0 Pori, Mbung'o na Moto

Masimulizi ya kiutawala ya miaka ya ukoloni yaliliona pori la Shinyanga kama hali ya asili iliyopaswa kushindwa. Utafiti wa kihistoria umeutilia shaka mtazamo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, na baada yake zikafuata ndui, njaa na vita vya kuingia kwa ukoloni. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus, katika kitabu cha mwaka 1977, walionyesha kwamba watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi katika malisho na mashamba, na mbung'o wakafuata vichaka. Wanahistoria wengine, akiwemo John Iliffe, wamepinga sehemu ya hoja ya Kjekshus kwamba jamii za kabla ya ukoloni zilikuwa zimeyatawala mazingira yao kwa kiwango hicho. Hata hivyo, jambo moja linabaki na uzito: sehemu ya pori lililofyekwa baadaye ilikuwa kaboni iliyorudi ardhini kwa sababu ya maafa ya watu. Ongezeko la miti peke yake, basi, si ushahidi wa ustawi.

Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton. Njia zilizojaribiwa zilikuwa pamoja na kufyeka vichaka kwa nguvu kazi ya pamoja iliyoitishwa kupitia watemi, na kuchoma nyasi kwa mpango mwishoni mwa kiangazi, moto unapokuwa mkali zaidi. Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, lakini ufyekaji uliendelea, na malisho yakapanuka.

Kwa upande wa kaboni, ni lazima kutofautisha nyasi na miti. Nyasi zilizoungua Septemba huchipua na mvua, na kaboni yake hurudi ndani ya msimu mmoja. Mti uliong'olewa ili usichipue hairudishi kaboni yake mpaka mti mwingine ukue mahali pake. Kwa upande wa naitrojeni, moto una athari nyingine. Majivu hubakiza fosforasi, potasiamu na kalsiamu, ila sehemu kubwa ya naitrojeni iliyo katika mmea hutoroka kama gesi. Aidha, miti mingi ya eneo hili ni migunga, na aina nyingi za migunga hushirikiana na bakteria wa vinundu. Kuiondoa kulikuwa kuondoa akiba ya kaboni na, wakati huohuo, chombo cha asili cha kuingiza naitrojeni udongoni. Ushindi dhidi ya mbung'o ulikuwa wa kweli kwa mfugaji, na haupaswi kubezwa. Gharama yake kwa udongo haikuingizwa katika hesabu ya wakati huo.

4.0 Pamba, Samadi na Amri

Wasukuma walikuwa na elimu ya udongo iliyopangwa kwa mteremko: luseni, udongo wa kichanga wa juu, itogolo, udongo mgumu wa chini yake, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni. Mpangilio wa namna hiyo unafanana na dhana ambayo Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliitambulisha kwa wataalamu mwaka 1935 akiueleza mteremko kama mnyororo wa udongo unaohusiana. Elimu hiyo ilikuwa na maana ya kilishe pia, kwa kuwa maji husafirisha rutuba kutoka juu kwenda chini, na kaya iliyolima sehemu mbalimbali za mteremko iligawanya hasara zake.

Kupanuka kwa pamba kulibadili hesabu hiyo. Nyuzi za pamba karibu zote ni selulosi, yaani kaboni iliyotoka hewani, na kuziuza hakupunguzi rutuba kwa kiasi kikubwa. Naitrojeni imo katika mbegu. Mkulima aliyeuza pamba mbegu aliipeleka kwenye kiwanda cha kuchambulia ikiwa na vyote viwili, na mashudu yaliyobaki baada ya kukamua mafuta mara nyingi hayakurudi kwenye shamba lilikotoka. Kila msimu ulikuwa, kwa lugha ya udongo, uuzaji wa naitrojeni bila malipo yake kuandikwa kwenye stakabadhi.

Serikali ya kikoloni iliona dalili za kuchoka kwa ardhi. N. V. Rounce, katika kazi yake ya mwaka 1949 kuhusu kilimo cha Usukuma, alisisitiza matumizi ya samadi na matuta. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliyageuza mashauri ya namna hiyo kuwa kanuni: matuta, hifadhi ya udongo, kupunguza mifugo, na kuwahamishia watu Geita ambako ardhi ilikuwa bado na nafasi. Kisayansi, shauri la samadi lilikuwa sahihi. Ng'ombe hukusanya naitrojeni iliyotawanyika malishoni na kuileta zizini, na zizi ndilo lililokuwa daraja kati ya mbuga na shamba. Kisiasa, shauri hilo lilikuja pamoja na faini na uuzaji wa mifugo kwa lazima, na likachukiwa pamoja navyo. Upinzani wa wananchi, uliofikia kilele Geita mwaka 1958, ulizivunja kanuni nyingi. Hapa historia inatoa funzo ambalo hesabu ya kemia peke yake haiwezi kulitoa: kitendo kinachorudisha rutuba kinaweza kukataliwa kwa sababu ya mkono unaokiamrisha.

Baada ya uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja. Kaya nyingi ziliacha maeneo yao ya zamani, pamoja na malisho yaliyotunzwa na mashamba yaliyokuwa karibu na zizi. Samadi ni nzito, na umbali kati ya zizi na shamba huamua kama itabebwa. Katika miaka hiyohiyo kiwanda cha mbolea kilifunguliwa Tanga kikitumia malighafi nyingi kutoka nje, lakini uzalishaji wake haukudumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja na kuazimia kupandisha matumizi ya virutubisho vya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Kwa bara kwa ujumla lengo hilo halikufikiwa.

5.0 Ngitili na Kurudi kwa Kaboni

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uharibifu wa ardhi ya Shinyanga ulikuwa suala la kitaifa, na Rais Julius Nyerere aliuzungumzia kama tishio la jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norway na kushirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Majaribio ya awali ya kugawa miche hayakuzaa matunda yaliyotarajiwa. Mafanikio yalikuja mradi ulipoegemea taasisi ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Ngitili nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji. Sheria zake zilipitishwa katika dagashida, mkutano wa jadi wa jamii, na kusimamiwa na sungusungu.

Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Kufikia mwaka 2003 makadirio yalitaja angalau hekta 350,000 katika vijiji 833. Uchumi wake ulichunguzwa na Monela na wenzake katika ripoti ya mwaka 2005, waliothamini manufaa ya ngitili kuwa takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini wakati huo. Mwaka 2002 HASHI ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Urejeshaji huu haukuwa upandaji wa msitu mpya. Visiki na mizizi iliyobaki hai baada ya miongo ya kufyekwa ilichipua ilipopewa nafasi, na kaboni ikaanza kurudi katika mashina na udongo. Baada ya makubaliano ya Tanzania na Norway kuhusu tabianchi mwaka 2008, ngitili za wilaya za Kahama na Shinyanga ziliingizwa katika mradi wa majaribio wa shirika la TaTEDO uliolenga kuzipa jamii malipo kwa kaboni iliyohifadhiwa. Hatua hiyo iliitambua kazi ya wanakijiji, ila ilileta pia namna mpya ya kuhesabu, ambamo ngitili ni tani za kaboni. Mfugaji huihesabu kwa nyasi za Oktoba, kuni, dawa na samadi. Ndani ya nyasi hizo imo naitrojeni inayopitia kwa ng'ombe na kufika shambani. Malipo yanayodai kaboni isiguswe, bila kuangalia malisho, yanaweza kuukata mnyororo huo hata yanapoulinda mti.

6.0 Mwakitolyo: Miti Inayoingia Ardhini

Katika miongo hiyohiyo ambayo ngitili zilipanuka, dhahabu ilibadili uchumi wa ukanda huu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, huku maelfu ya wachimbaji wadogo wakiendelea kufuata mishipa ya dhahabu katika maeneo kama Mwakitolyo. Uchimbaji mdogo ni riziki ya watu wengi, na mapato yake hujenga nyumba, husomesha watoto na hununua ng'ombe. Wakati huohuo, unahitaji miti kwa njia mbili. Kwanza, duara lisiloimarishwa kwa matimba huporomoka, na kila duara refu humeza magogo ambayo hayatoki tena. Pili, mkusanyiko wa watu unahitaji mkaa. Katika matanuri ya udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na takriban kilo tano hadi kumi za kuni, kwa hiyo gunia linaloonekana sokoni huficha mzigo mkubwa zaidi wa miti iliyoachwa porini kama moshi. Ngitili, iliyofungwa ili ng'ombe wavuke kiangazi, hugeuka akiba ya miti iliyo karibu zaidi na mnunuzi.

Matimba na mkaa hayana njia moja ya kaboni. Gogo lililo chini ya ardhi huoza polepole, nalo linalinda maisha ya mchimbaji. Kulitazama kama hasara ya kaboni tu kungekuwa kumhesabia mchimbaji tahadhari yake kama kosa. Swali la kihistoria ni nani anapanda mti wa kufuata.

Naitrojeni nayo huingia kwa mlango usiotarajiwa. Amonia naitreti, ambayo asilimia 35 ya uzito wake ni naitrojeni, ni mbolea katika shamba na ni malighafi ya baruti katika mgodi. Ikilipuka pamoja na mafuta, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hurudi hewani papo hapo bila kulisha jani lolote. Vivyo hivyo kwa sianidi, ambayo ni muungano wa kaboni na naitrojeni unaotengenezwa kwa amonia na gesi asilia. Katika mitambo ya kuchenjua marudio, sianidi huyeyusha dhahabu, kisha dhahabu hunaswa na punje za mkaa maalumu. Ikivunjika, sianidi huacha amonia na naitreti, ambazo shambani zingekuwa rutuba, lakini hapa zimo katika maji na mabaki yenye sumu ambayo hayapaswi kufika shambani wala kisimani.

Hivyo, viwanda vilivyoibadili naitrojeni ya dunia vimeifikia Mwakitolyo, lakini si kwa njia ya mkulima wa mahindi au pamba. Bidhaa zao hufika mahali penye fedha ya kuzilipia, na katika ukanda huu fedha hiyo iko zaidi kwenye duara kuliko kwenye tuta. Sababu yake haiko katika maumbile ya udongo. Ni bei, mikopo, barabara na sera, yaani mambo ambayo ni historia na yanaweza kubadilishwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ardhi ya Usukuma haikupitia mteremko mmoja wa uharibifu. Kaboni ilirudi pamoja na vichaka baada ya maafa ya miaka ya 1890, ikatolewa katika vita dhidi ya mbung'o, ikarudi tena kupitia ngitili baada ya 1986, na sasa inavutwa kuelekea matimba na mkaa. Mkondo wake umegeuka zaidi ya mara moja ndani ya karne, na kila mgeuko ulifuata badiliko la mamlaka juu ya ardhi. Naitrojeni imekuwa na mwelekeo usiobadilika kirahisi hivyo: imetoka kwa moto, kwa mbegu za pamba na kwa mavuno, na njia zake za kurudi, yaani migunga, mikunde, zizi na mbolea, zimekatwa au zimebaki ghali.

Matokeo haya yana maana kwa tathmini za tabianchi katika ukanda wa dhahabu. Hifadhi inayopimwa kwa kaboni peke yake inaweza kuonyesha faida huku shamba la jirani likiendelea kudhoofika. Shamba likidhoofika, mkulima hufungua shamba jipya ndani ya ngitili au hushuka durani, na kaboni iliyolindwa hupotea kwa njia nyingine. Kwa sababu hiyo, mizunguko hiyo miwili inapaswa kuhesabiwa pamoja, na kuhesabiwa na wale wanaoishi juu yake. Dagashida iliweza kufunga malisho kwa ajili ya nyasi za Oktoba, jambo ambalo faini za mwaka 1947 na baadaye hazikuliweza. Katika Mwakitolyo, makubaliano ya namna hiyo hayana budi kumhusisha pia mnunuzi wa matimba na mkaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia katika mnyororo huu bila kuwa na kiti katika mkutano.